Seva Iligoma Kuamka: Soma Daftari la Pili

 Mhariri ameniomba nieleze jinsi tulivyosimika programu ya kutafuta maandishi katika pembe ya maktaba yetu, na kwa nini ilitutoa jasho wiki nzima. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Ila nitaeleza na kosa langu pia, kwa sababu kosa lenyewe ndilo lililonifunza kazi.

Ilikuwa Julai 2014. Nilikuwa Kidato cha Tatu, tena katibu wa chama, cheo ambacho kilinivimbisha kichwa kidogo. Mchwa walikuwa wameligundua kabati la majarida yetu ya zamani kabla yetu sisi. Basi kwa mihula miwili wanachama walikuwa wakiyachapa upya katika tarakilishi: insha, mashairi, vitendawili, hata matangazo ya mpira. Aliyechapa kuliko wote alikuwa karani wa chama, msichana mpole wa Kidato cha Pili ambaye angeweza kuchapa huku anakutazama usoni. Faili zikawa nyingi ajabu. Ukitaka kujua ni nani aliyeandika juu ya ng'ombe wa mahari, ilikubidi ufungue moja baada ya nyingine hadi kengele ya chakula igongwe.

Mwalimu mkuu alituazima tarakilishi moja. Akasema siku ya wazazi, Jumamosi, wageni waione kazi yake kwa macho yao. La sivyo Jumatatu inahamia kwa mhasibu, ambaye naye alikuwa ameiomba. Sisi hatukuwa na nyingine.

Sasa programu ya kutafuta hufanya nini hasa? Hebu fungua kurasa za mwisho za kitabu chako cha Biolojia. Utaona orodha ya maneno kwa mpangilio wa alfabeti, na mbele ya kila neno nambari za kurasa. Hiyo ndiyo faharasa. Ukitaka "figo" husomi kitabu kizima. Unaenda kwenye orodha kisha unarukia ukurasa. Programu ya kutafuta nayo hufanya vivyo hivyo. Husoma kila andiko mara moja, hulikatakata kuwa maneno, kisha huandika mbele ya kila neno orodha ya maandiko yaliyo nalo. Unapouliza swali, haiyafungui maandiko tena, huchungulia orodha tu. Ndiyo maana hujibu kabla hujapepesa jicho.

Tuliyoichagua inaitwa Solr. Ilianzishwa na Yonik Seeley mwaka wa 2004 katika kampuni ya CNET huko Marekani, na mwaka wa 2006 ikakabidhiwa shirika la Apache, ambalo hutoa programu zake bure. Ndani yake mna moyo uitwao Lucene, uliobuniwa na Doug Cutting mwishoni mwa miaka ya 1990. Zote mbili zimeandikwa kwa lugha ya Java. Hela za kununua programu hatukuwa nazo, kwa hivyo hilo neno "bure" lilitosha kabisa kutushawishi.

Siku zile watu wengi waliiweka Solr ndani ya seva ya Java, na sisi tulichukua ile iitwayo Tomcat, yaani paka dume. Mfano wake ni nyumba ya kupanga. Tomcat ndiye mwenye nyumba: ana lango (la kwake kwa kawaida ni nambari 8080), ana taa, anapokea wageni na kuwaelekeza chumbani. Solr ni mpangaji. Mpangaji huja na mizigo yake yote katika furushi moja, faili ambayo jina lake huishia na herufi war. Usishtuke ukikumbuka maana ya neno hilo kwa Kiingereza. Hapa ni kifupi tu cha furushi la programu ya wavuti. Unalitupa furushi katika folda iitwayo webapps, Tomcat analiona, analifungua, anamwamsha mpangaji. Kazi imekwisha. Angalau ndivyo yalivyosema maelekezo niliyokuwa nimeyachapisha katika duka la intaneti mjini, kurasa tatu, shilingi thelathini.

Jumatatu jioni, baada ya masomo ya ziada, nililitupa furushi mahali pake. Nikawasha Tomcat, nikafungua kivinjari, nikaandika localhost:8080/solr. Wanachama walikuwa wamenizunguka kama nyuki. Ukurasa ukaja mweupe, na juu yake nambari 404.

Hiyo 404, ndugu msomaji, inafaa uielewe vizuri, maana inadanganya. Kama seva yenyewe imelala fofofo, kivinjari hukuambia kwamba hakiwezi kuunganishwa nayo. 404 ni jambo tofauti: mwenye nyumba yuko macho, amefungua lango, amekusikiliza, halafu anasema, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo." Ukiambiwa hivyo utadhani umekosea anwani. Nami nilidhani hivyo. Nikaandika Solr kwa herufi kubwa, nikaandika kwa herufi ndogo, nikaongeza mkwaju, nikautoa. Wapi! Kumbe mpangaji alikuwa amefika na furushi lake, akaanguka mlangoni, na Tomcat akaamua kumhesabu kama hayupo.

Jumanne nilifanya yote ambayo mtu hufanya anapokuwa hajui afanyalo. Niliizima tarakilishi na kuiwasha. Niliifuta Tomcat nikaiweka upya. Nilibadilisha nambari ya lango kutoka 8080 hadi 8081, na 404 ikanifuata huko huko. Kila mara nilikuwa nikitibu homa bila kupima damu.

Kisha nikafanya lile ninaloona haya kulisimulia. Jumatatu hiyo hiyo asubuhi karani alikuwa ameleta faili zake za mwisho kwa diski ndogo ya kuchomeka aliyoazimwa na binamu yake. Mbele ya wanachama wote nikasema, "Hapa pana virusi, na tunajua vimetoka wapi." Akasema kwa sauti ya chini, "Katibu, mimi niliikagua kwanza." Sikumsikiliza. Nilimnyang'anya ufunguo wa chumba cha tarakilishi, nikampa mtu mwingine. Alitoka bila kusema neno, na Jumatano hakuja kabisa.

Hebu tumia akili ambayo mimi sikuitumia siku hiyo. Solr ilikuwa haijaamka hata mara moja. Faili za karani zilikuwa katika folda yao, hazijasomwa na Solr hata herufi moja. Mtu aliyeugua kabla ya kuketi mezani utamlaumuje mpishi?

Jumatano usiku, wakati wa maandalio, mwalimu wa tarakilishi alipita akanikuta nimeduwaa kama kinyago. Hakugusa kitu. Aliuliza tu, "Daftari lasema nini?"

Seva yoyote ile huandika matukio yake katika daftari, yaani faili iliyo katika folda iitwayo logs. Mimi daftari nilikuwa nimelifungua, tena kwa fahari nikamwonyesha. Faili hiyo jina lake lilianza na catalina, ikifuatwa na tarehe. Ndani mlikuwa na mstari mmoja mkali, SEVERE: Error filterStart, na mwingine wa kusema kwamba /solr imeshindwa kuanza kwa sababu ya makosa yaliyotangulia.

"Makosa gani hayo yaliyotangulia?" akauliza.

"Hayakuandikwa, Mwalimu."

"Hayakuandikwa hapa. Na hilo jingine?"

Kulikuwa na jingine! Katika folda ile ile palikuwa na faili iliyoanza na localhost, yenye tarehe hiyo hiyo. Tomcat huwa na madaftari zaidi ya moja. Lile la catalina ni la mwenye nyumba: nimeamka, nimefungua lango, mpangaji fulani ameshindwa kuanza. Lile la localhost ndimo yanamoandikwa yaliyompata mpangaji mwenyewe. Mimi kwa siku tatu nilikuwa nikisoma taarifa ya kwamba mtu amefariki, na cheti cha daktari kilikuwa faili ya pili yake.

Nilipolifungua nikakutana na rundo la mistari mirefu, kila mmoja ukianza na neno at, kama mistari arobaini hivi. Ukiona rundo la namna hiyo usikimbie. Soma mstari wa kwanza wa juu, kisha teremka ukitafuta mistari inayoanza na Caused by, yaani "imesababishwa na". Ikiwa ipo kadhaa, ule wa chini kabisa ndio mzizi wa mambo. Ile mingine ya at ni njia tu ambayo programu ilipita kabla haijaanguka.

Kosa letu lilikuwa fupi: toleo 51.0 halikubaliki. Nambari hiyo si ya Solr. Kila faili ya Java iliyokwisha kutafsiriwa kwa mashine hupigwa muhuri wa toleo. 50 ni Java 6, 51 ni Java 7. Tarakilishi yetu ilikuwa na Java 6, na sisi tulikuwa tumeleta Solr 4.9. Tangu Solr 4.8 ya Aprili 2014, Java 7 ilikuwa sharti. Ni kama kumpa mtoto wa darasa la sita mtihani wa darasa la saba. Hata maswali hataelewa. Alhamisi asubuhi mwalimu alituletea Java 7 na nikaiweka kwa dakika chache, nikahakikisha kwamba Tomcat inatumia hiyo mpya na si ile kuukuu, maana zote mbili zaweza kukaa katika mashine moja.

Nikawasha. 404.

Ningeweza kulia. Ukurasa ule ule mweupe, nambari ile ile, na katika daftari la catalina mstari ule ule, Error filterStart, neno kwa neno. Nikamwambia mwalimu kwamba Java 7 haikusaidia kitu. Akanijibu, "Umejuaje?" Nikafungua daftari la pili kwa shingo upande.

Habari zilikuwa mpya kabisa. Ile 51.0 haikuwapo tena. Tulikuwa tumepiga hatua, lakini kutoka kwenye kivinjari hatua hiyo haikuonekana hata kidogo, kwa kuwa magonjwa mawili yalikuwa na homa moja. Kama ningaliamini kivinjari ningaliirudisha Java 6 na kuanza upya, na hadi leo ningekuwa hapo.

Daftari sasa lilisema kwamba Solr haikupata faili za jar za SLF4J zinazohitajika kwa kuandika matukio, na likaendelea kueleza ziwekwe katika folda ya aina gani. Ndiyo, dawa yenyewe ilikuwa imeandikwa chini ya ugonjwa! Jar ni mtungi wa vipande vya Java, na SLF4J ni mtungi unaoiwezesha programu kuandika daftari lake. Kwa hiyo Solr yetu ilikuwa kama kiranja wa zamu aliyefika langoni bila kalamu wala karatasi, akasema, "Siwezi kuandika majina, basi lango halifunguliwi." Alikuwa na haki yake. Programu inayofanya kazi bila kuandika chochote ikiharibika utaitibuje?

Mbona maelekezo yangu ya shilingi thelathini hayakutaja mitungi hiyo? Kwa sababu yalikuwa ya toleo la zamani. Hadi Solr 4.2 mitungi hiyo ilikuwamo ndani ya furushi. Kuanzia Solr 4.3, iliyotoka Mei 2013, iliondolewa ili kila mwenye seva achague mwenyewe njia ya kuandika daftari. Maelekezo hayakuwa na kosa kwa wakati wake; kosa lilikuwa langu, niliyeyachapisha bila kutazama yanahusu toleo gani. Mitungi yenyewe tulikuwa nayo muda wote. Ilikuwa mitano, imetulia katika folda ya mfano iliyokuja pamoja na Solr, example/lib/ext. Nikaichukua yote nikaiweka katika folda ya lib ya Tomcat, pamoja na faili ndogo ya mipangilio, log4j.properties. Nikawasha tena.

Safari hii 404 haikuja! Lilikuja kosa jingine, nami nikalishangilia kama bao la dakika ya tisini. Wenzangu walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Solr sasa ilikuwa imeamka na kulalamika kwa kinywa chake yenyewe: haikujua nyumbani kwake ni wapi. Solr huhitaji folda yake ya nyumbani, mnamowekwa mipangilio na faharasa, nje ya Tomcat. Nilinakili folda ya mfano iitwayo solr, nikaongeza mstari mmoja katika mipangilio ya Java ya Tomcat, -Dsolr.solr.home, pamoja na njia ya folda hiyo. Hilo lilikuwa jepesi. Alhamisi saa moja na nusu usiku ukurasa wa Solr ulifunguka, na chumba kikalipuka kwa vifijo hata mwalimu wa zamu akaja kuuliza kumetokea nini.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwapo.

Ijumaa mchana tulikuwa na mkutano wa chama. Nilisimama nikasema mbele ya wale wale niliomshtakia: hapakuwa na virusi, faili za karani hazikuwa zimeguswa, Java ilikuwa kuukuu, na mitungi mitano niliisahau mimi. Nikaomba radhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu yenye tamathali za usemi, lakini ilinitoroka yote. Yeye akasema, "Nimesikia, Katibu. Sasa nipe ufunguo."

Ni yeye basi aliyekuwa wa kwanza kuitumia kwa dhati. Tulipakia faili zote, akaketi, akaandika neno moja: ng'ombe. Yakaja majibu manne. Akakunja uso. "Mimi peke yangu nimechapa ng'ombe zaidi ya hao," akasema. Mimi nilitaka kulifungua daftari, maana nilikuwa mwongofu mpya, lakini daftari lilikuwa safi. Hili halikuwa kosa la kuamka. Akafungua faili yake moja na ya mwenzake moja, akazikuza herufi hadi zikajaa kioo, akaziweka sambamba. Kisha akasema, "Ritifaa yangu imepinda."

Na kweli ilikuwa imepinda. Yeye alichapa katika programu kubwa ya kuandikia, ambayo hugeuza ritifaa yenyewe iwe ya mviringo kama mkia wa koma. Wenzake wengine walichapa katika programu ndogo inayoiacha imenyooka. Kwa jicho la binadamu ni kitu kimoja. Kwa Solr ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo ng'ombe wake na ng'ombe wa wenzake walikuwa maneno mawili katika faharasa, na baobonye yetu iliweza kuuliza kwa ritifaa iliyonyooka pekee. Ng'ambo, ng'oa, ng'ara, ng'ang'ania, yote yalikuwa yamejificha vivyo hivyo. Nadhani mtengenezaji wa Kiingereza angechukua muda mrefu kuliona tatizo hili. Kwetu sisi lilijitokeza kwa neno la kwanza.

Dawa yake imo ndani ya Solr: kichujio kinachobadilisha herufi kabla maneno hayajakatwa. Unakiandikia mstari mmoja kwamba ritifaa iliyopinda ihesabiwe kuwa iliyonyooka, unakitaja katika faili ya mipangilio, schema.xml, upande wa kuweka na upande wa kuuliza. Nilifanya hivyo, nikawasha upya, bado wanne. Nikataka kumlaumu mtu tena! Karani akauliza kama zile faili zilizokwisha kuingia zinaijua sheria mpya. Hazikuijua. Faharasa iliyoandikwa jana haijirekebishi kwa sheria ya leo. Ni lazima maandiko yapakiwe tena. Tukayapakia. Ng'ombe wakaja thelathini na mmoja, na yule wa mahari alikuwa miongoni mwao.

Anayetaka kujaribu leo ajue kwamba njia tuliyoipita imefungwa. Tangu Solr 5.0, iliyotoka Februari 2015, watengenezaji waliacha kuiunga mkono njia ya kuweka furushi ndani ya Tomcat. Solr sasa huja na seva yake ndani, iitwayo Jetty, na huendeshwa kama programu inayojitegemea. Matoleo yale ya zamani hayarekebishwi tena, kwa hiyo usiyaweke mahali panapofikiwa kutoka kwa intaneti. Tomcat yenyewe bado inatumika sana kwa programu nyingine za Java, na yale madaftari mawili bado yapo. Tena matoleo mapya yamekuwa na huruma: badala ya ule mstari wa fumbo, hukuambia waziwazi kwamba habari kamili zimo katika daftari lile jingine.

Siku ya wazazi ilipita salama na tarakilishi ikabaki kwetu. Ila mzee mmoja, baba ya mwanafunzi, aliketi akaandika "mtoto", akasoma majibu, kisha akauliza kwa nini insha ya watoto wa mitaani, ambayo mwanawe aliiandika, haikutokea. Hapo tukakwama sote. Solr ilikuwa na kanuni za lugha nyingi za kukata miisho ya maneno, lakini ya Kiswahili haikuwamo, na kwetu mambo hubadilika mwanzoni mwa neno: mtoto, watoto. Karani ndiye aliyeligundua lile faili la visawe, synonyms.txt, ambamo unaweza kuandika maneno mawili katika mstari mmoja ili yatafutwe kama neno moja. Tukaanza kuandika jozi kwa mkono, yeye akichapa nami nikimsomea kutoka kwa kamusi. Shule ilipofungwa Agosti tulikuwa tumemaliza ngeli ya A-WA, na tumefika katikati ya KI-VI.